Mkopo wa mabomba kutoka SACCO ya hapa Jinja: tumefika mwezi wa 14, haya ndio tumeyaona

Kila wiki kuna mtu wa mtaa wa jirani ananisimamisha njiani, mama mhazini hebu tuambie, ule mkopo mliochukua wa kubadilisha mabomba ya maji ni mzuri ama tuuache, na mimi nikianza kueleza nusu saa inaisha hata kwenye riba sijafika na nyanya zangu zinaiva kwa jua. Sasa naandika yote hapa mara moja, mwenye haja asome.

Jina la SACCO, yaani hicho chama cha akiba na mikopo, siandiki. Kuna mambo tuliyokosana nao tukakaa chini tukayamaliza kwa mazungumzo na nataka yabaki hivyo. Lakini huduma yenyewe nitaisema yote, nzuri na mbaya, na nyota ninazowapa ni tatu na nusu kati ya tano. Zingekuwa tano kama wangetwambia makato mapema na kama ile karatasi ya malipo ingeandikwa sawa tangu mwanzo, nitaifikia.

Kwanza mjue tulikuwa wapi. Nyumba zetu ni 34, upande wa Walukuba, zile za mistari ambazo wazee wetu walikuja kukaa enzi za viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukavuta viwanda, viwanda vikavuta watu, Wajaluo, Wasamia, Wanubi, Wateso, wote wakachota bomba moja na ndio maana mikutano yetu mpaka leo ni ya Kiswahili. Sasa bomba lenyewe ndilo lile lile. Paipu za chuma, zile zilizopakwa zinki, zilizolazwa kabla mimi sijazaliwa, na mita ya NWSC, shirika la maji la taifa, ni moja tu pale mwanzo wa mtaa, bili inakuja moja tunagawana.

Kitu ambacho wengi hawakijui, na sisi pia tulikijua kwa kuchelewa: NWSC wanashughulika na bomba mpaka kwenye mita. Ukishapita mita ni mali yako na shida yako. Tulikuwa tunapiga simu tunalalamika maji yanavuja na wao wanakuja wanaangalia mita yao, iko sawa, wanaenda, na sisi tunabaki na hasira, kumbe hawana kosa, paipu iliyooza ni yetu wenyewe.

Maji ya asubuhi yalikuwa yanatoka rangi ya chai ya rangi. Mashati meupe ya watoto wa shule yalikuwa hayakai mwezi mmoja meupe. Na kibaya zaidi ni siku maji yakikatika, kwa sababu paipu yenye matundu ikikosa presha inavuta chochote kilichoko nje, na nje kwetu ni mtaro. Mwaka mmoja watoto wa nyumba tatu waliugua taifodi, siwezi kusema ilikuwa ni bomba kwa sababu hakuna aliyepima, lakini mimi nilianza kuchemsha kila tone na makaa niliyochoma ni pesa pia.

Fundi alipokata kipande kimoja karibu na nyumba ya mzee wetu mwenyekiti, tukakishika mkononi kila mtu akaangalia ndani. Kwa nje ni paipu ya inchi mbili. Ndani kutu ilikuwa imejaa kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, vinundu vinundu, tundu lililobaki kidole changu kidogo ndio kiliingia tena kwa kulazimisha. Na pale kwenye soketi ndio ilikuwa mbaya zaidi, fundi akatueleza kwamba pale paipu ilipokatwa meno ya kufungia zinki iliondolewa na chuma kikawa chembamba, kwa hiyo kutu inaanzia pale kila wakati. Ndio maana kila tukiziba sehemu moja inapasuka soketi ya mbele. Miaka yote tulikuwa tunaziba.

Halafu tukafanya kipimo cha usiku. Hiki nawaomba mkifanye hata kama hamtachukua mkopo wowote, ni bure. Saa nne usiku kila nyumba ikafunga bomba lake, vijana wakapita mlango kwa mlango kuhakikisha, tukaandika namba za mita. Saa kumi na moja alfajiri tukarudi na tochi. Mita ilikuwa imetembea yuniti tatu. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20. Kwa hiyo usiku mmoja, watu wote wamelala, jerikeni 150 zilikuwa zimeingia ardhini. Ukizidisha mchana na usiku ni kama yuniti 300 kwa mwezi, na kwa bei ya bili yetu ilikuwa inapita shilingi milioni moja za Uganda. Gawanya kwa nyumba 34 unapata elfu 30 na kitu kwa kila nyumba kila mwezi, ya maji ambayo hakuna aliyeyanywa.

Nilipoisoma hiyo hesabu kwenye mkutano watu walinyamaza. Kabla ya hapo nusu ya mtaa ilikuwa inasema hatuwezi mkopo, hatuna pesa ya kulipa. Siku hiyo mama mmoja muuza karanga akasema, kwani sasa hivi hatulipi? Akakaa chini. Tukapiga kura, nyumba 31 zikakubali siku hiyo na tatu zikafuata baadaye.

Sasa kutafuta pesa. Tuliulizia sehemu tatu. Benki moja ya mjini walitupokea vizuri, viti vizuri, lakini walitaka taiti, yaani hati ya ardhi, na hapa kwetu wenye taiti mkononi hawafiki watano, tena hata hao watano kwa nini waweke nyumba yao rehani kwa bomba la watu 34. Sikuwalaumu. Wa pili alikuwa mkopeshaji binafsi, huyo alitaka asilimia 10 kwa mwezi, bila karatasi, na tunajua serikali iliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji mwaka 2024. Kwa milioni 30 asilimia 10 ni milioni tatu za riba peke yake kila mwezi. Tulitoka pale bila hata kumaliza soda.

SACCO ndio ilikuwa ya tatu. Kwao dhamana ni akiba ya kikundi na watu kudhaminiana, na wanakopesha mara tatu ya akiba. Kila nyumba ilikuwa imeshachanga laki tatu kwa miezi nane, hiyo ni milioni 10 na laki mbili, kwa hiyo milioni 30 tukastahili. Akiba inafungwa mpaka mkopo uishe, hiyo mjue, msiihesabu kwenye pesa ya kazi.

Karatasi walizotaka: kikundi kiwe kimesajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, kopi za vitambulisho vya taifa vya wanakamati, kumbukumbu za mkutano zenye sahihi za kila nyumba, na kotesheni, yaani karatasi ya bei, ya duka la vifaa pamoja na ya fundi. Kusajili kikundi ndiko kulikotuchosha, mengine ni wiki moja.

Hapa niwasifu kwa moyo. Ofisa wa mikopo, binti mdogo tu, alikuja mwenyewe mtaani kwa boda na mvua imenyesha, akavua viatu akaingia kwenye mtaro kuona paipu inavuja, akapiga picha, akaomba daftari la kipimo cha usiku. Akatwambia hii ni mara ya kwanza anaona kikundi kimeleta hesabu ya maji yanayopotea, na kwamba ndio itakayosaidia kwenye kamati yao kwa sababu inaonyesha pesa ya kulipa itatoka wapi. Na kweli ilisaidia.

Ila baada ya hapo wakakaa wiki tano. Wiki tano nzima, kila tukienda kamati haijakaa, mwenyekiti wao amesafiri, rudi Jumanne. Kotesheni ya duka ilikuwa ya siku 30, ikapita, na duka likapandisha bei. Kazi iliyokuwa ya milioni 29 na laki nane ikawa milioni 31 na laki nne. Hiyo milioni moja na laki sita ni kuchelewa kwao na hakuna aliyeturudishia.

Tuje kwenye ile karatasi. Hapa someni polepole.

Walituambia kwa mdomo, na kwenye bango la ukutani pia imeandikwa, riba ni asilimia 2 kwa mwezi kwa deni linalobaki, miezi 24. Vizuri. Siku ya kusaini tukaenda watatu, mimi, mwenyekiti na mzee mmoja wa mtaa aliyekuwa karani wa mishahara kiwandani, tulimbeba kwa sababu ya miwani yake na subira yake. Ofisa akatupa ratiba ya malipo iliyochapwa. Mzee akaiweka mezani akaanza kushuka na kalamu mstari kwa mstari, mwezi wa kwanza riba laki sita, wa pili laki sita, wa tatu laki sita, mpaka wa ishirini na nne laki sita. Akavua miwani.

"Binti yangu, hii riba mbona haitembei?"

"Mzee wangu, ndivyo sistemu inavyotoa."

"Deni linapungua kila mwezi, si ndio? Sasa mwezi wa mwisho deni ni milioni moja na robo tu. Asilimia mbili yake ni ngapi?"

Binti akapiga kwenye simu yake. Ni elfu 25. Kwenye karatasi ilikuwa laki sita.

Wallahi pale nilihisi jasho. Kwa sababu mimi ndiye mhazini na ningesaini. Malipo ya mwezi wa kwanza ni yale yale kwa hesabu zote mbili, milioni moja laki nane na elfu 50, kwa hiyo ukiangalia mstari wa juu tu huoni tofauti. Lakini kwa ile karatasi ungelipa hiyo hiyo mpaka mwisho na riba yote ingekuwa milioni 14 na laki nne. Kwa hesabu ya mzee malipo yanashuka elfu 25 kila mwezi, mwezi wa mwisho unalipa milioni moja laki mbili na elfu 75, na riba yote ni milioni 7 na nusu. Tofauti ni milioni 6 na laki tisa. Hiyo ni zaidi ya laki mbili kwa kila nyumba, kwa karatasi moja.

Aliitwa meneja. Niseme ukweli, hakubisha. Aliangalia akasema wamechagua aina mbaya ya mkopo kwenye komputa, akaomba radhi, na baada ya saa moja tukapewa ratiba mpya ambayo mzee aliikagua tena yote mistari 24 huku chai yake inapoa. Inawezekana kweli lilikuwa kosa la kubonyeza. Mimi simhukumu mtu. Lakini najiuliza ni vikundi vingapi vimesaini bila mzee kama wetu, na kwa sababu hiyo nyota moja imeondoka hapo.

Nyota nusu imeondokea kwenye makato. Hatukuambiwa kabla. Milioni 30 iliyoandikwa siyo iliyotoka: asilimia 2 ya kushughulikia mkopo ni laki sita, bima asilimia 1 ni laki tatu, fomu na wakili laki moja na nusu, ikatoka milioni 28 laki tisa na elfu 50. Kazi ni milioni 31 na laki nne. Kwa hiyo upungufu wa milioni mbili na laki nne na elfu 50, na tayari mitaro imeanza kuchimbwa. Ilibidi nirudi mlango kwa mlango kuomba elfu 75 kila nyumba, na kuna nyumba nilizoingia nikaona sufuria iko tupu jikoni na bado nikaomba. Hilo sitalisahau. Wangetwambia siku ya kwanza tungechanga polepole kwa miezi nane ile ile.

Kitu kingine, pesa ilitoka mara mbili, nusu mwanzo na nusu baada ya wiki tatu, lakini riba ya milioni 30 yote ilianza kuhesabiwa siku ya kwanza. Hiyo ni laki mbili na ushee ya riba kwa pesa ambayo bado ilikuwa kwao. Nimewaandikia barua juu ya hilo, wamesema watalipeleka kwenye mkutano mkuu wa wanachama.

Lakini huo utaratibu wa kutoa mara mbili ndio uliotuokoa, wacha nieleze. Pesa haikupita mikononi mwetu, SACCO ililipa duka moja kwa moja nusu, na nusu nyingine mpaka kamati yetu isaini kwamba vifaa vimefika na ndivyo. Mwanzoni watu walinuna, wanatuona wezi? Sasa vifaa vikaja. Paipu nyeusi za plastiki zile ngumu zenye mistari ya buluu, HDPE, za milimita 63 kwa laini kubwa, zimekunjwa roli roli. Fundi wetu akainama akasoma maandishi yaliyochapwa kwenye paipu yenyewe, kila mita yamerudiwa, akaniita, mama njoo usome. Imeandikwa PN10. Kotesheni yetu inasema PN16. Hiyo namba ni presha ambayo paipu inahimili, 16 ina ukuta mnene zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi, na sisi tulikuwa tunalipa ya 16.

Dereva alikuwa ananiharakisha nisaini. Sikusaini. Nikapiga simu SACCO, ofisa akasema nusu ya pili haitoki mpaka kamati yetu isaini, akaongea na duka yeye mwenyewe, na kesho yake saa nne roli mpya zilikuwa zimefika, PN16. Bila ile nusu kubaki SACCO sidhani kama duka lingepokea hata simu yetu. Kwa hiyo mkiambiwa pesa italipwa dukani msinune, na atakayepokea vifaa awe mtu anayesoma maandishi kwenye paipu, siyo kuhesabu roli tu.

Kazi ya kuchimba sitaieleza sana, ilikuwa siku 19 za udongo mwekundu kila mahali. Vijana wa mtaa ndio waliochimba na walilipwa. Jambo moja tu, msikubali kufukia kabla ya kupima presha. Fundi alijaza laini maji, akafunga pampu ya mkono na geji, akapandisha. Mwanzoni mkono wa geji ulishuka kidogo tukaogopa, akasema hii plastiki inatanuka, subiri, akaongeza kidogo ukatulia, tukakaa pale saa mbili tunaangalia geji kama watu wanaoangalia mpira. Iliposhuka tena ilikuwa vali moja ya kona haijakazwa. Ingefukiwa hiyo, ndio mwanzo wa kuvuja tena.

Na kila nyumba ikawekewa mita yake ndogo. Hii ilikuwa kwenye bajeti na kuna waliosema tuitoe tupunguze gharama, nashukuru hatukuitoa. Zamani bili ilikuwa inagawanywa sawa, ajuza anayeishi peke yake analipa sawa na nyumba ya watu kumi na mmoja wenye kuosha boda tatu. Ugomvi haukuisha. Sasa kila mtu anasoma chake, na mita ya NWSC pale mbele tunailinganisha na jumla ya ndogo 34 kila mwisho wa mwezi. Zikipishana sana tunajua kuna tundu mahali.

Tulirudia kipimo cha usiku wiki ya kwanza. Saa nne mpaka saa kumi na moja. Namba kubwa hazikusogea kabisa, kile kisindano chekundu tu ndicho kilisogea kidogo sana, lita chache, labda choo cha mtu. Mzee karani aliandika kwenye daftari lake akapiga mstari chini mara mbili.

Kukusanya pesa sasa. Tuliamua kila nyumba elfu 55 kwa mwezi, hiyo hiyo mpaka mwisho, haishuki hata kama malipo ya SACCO yanashuka. Mwezi wa kwanza ziada ni elfu 20 tu kwa hiyo nyumba moja ikikosa mmekwama, na kweli mwezi wa kwanza mbili zilikosa na wanakamati tukajazia mifukoni mwetu. Lakini kadiri malipo yanavyoshuka ziada inakua na hiyo ndiyo akiba ya matengenezo. Leo tuko mwezi wa 14 na akiba ina milioni mbili na kidogo. Ajabu ni kwamba kwa nyumba nyingi ile elfu 30 iliyokuwa inapotea kwenye bili haipo tena, kwa hiyo mzigo mpya kwa kweli ni kama elfu 25.

Kwa wasiokuwa na mshahara elfu 55 kwa mkupuo ni ngumu. Muuza karanga na wengine kama yeye wanalipa kila Jumamosi, elfu 14, wanatuma kwa simu. Na hapa pia tulijifunza: mwanzoni walikuwa wanatuma kwangu, mimi natoa kwa wakala napeleka kaunta, na kutoa kuna ada ya wakala na ile kodi ya nusu asilimia ya serikali juu yake. Kwa karibu milioni mbili kila mwezi hiyo ni pesa. Sasa tunatuma kutoka kwenye simu kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi, hatutoi. Na mhazini halali na pesa ya watu ndani ya nyumba, usingizi wenyewe umerudi.

SACCO yenyewe inapokea kwa mwezi tu, haijui wiki. Nimewaambia wangeruhusu wiki watu wa sokoni wangepumua. Na kuna faini. Mwezi wa nne tarehe ya malipo iliangukia Jumapili, ofisi imefungwa, tukaweka Jumatatu asubuhi saa tatu, sistemu ikasema tumechelewa, faini asilimia 5 ya malipo, elfu 88 na 750. Niliomba, niliandika, nikaambiwa mkataba unasema tarehe ni tarehe. Mkataba kweli unasema hivyo, nilirudi kuusoma. Basi nyinyi mkisaini ombeni waongeze mstari kwamba ikiangukia sikukuu au Jumapili inasogea. Tangu hapo tunalipa siku tatu kabla.

Nyumba tatu zina madeni ndani ya kikundi. Moja mwenye nyumba amefariki na watoto bado wanapanga mambo yao, hatujawakatia, na sidhani kama tutawakatia. Mbili ni wapangaji ambao mwenye nyumba haishi hapa na hapokei simu, hizo tumekubaliana kwa barua kwamba mpangaji analipa na anapunguza kwenye kodi, na LC1 aliweka muhuri. Hili la wenye nyumba wasiokaa lizungumzeni kabla hamjachukua hata shilingi moja.

Kwa hiyo ningewaambia mchukue? Kama mmefanya kipimo cha usiku na maji yanayopotea yanakaribia kulipa nusu ya mkopo, ndio, na SACCO hii ningeirudia. Binti ofisa nampa tano kati ya tano peke yake. Kama kipimo chenu kinaonyesha jerikeni kumi tu, basi shida yenu ni soketi mbili tatu, itisheni fundi, msijifunge miaka miwili. Na muende na mtu wa hesabu, asishuke mstari wa kwanza tu, ashuke yote 24.

Deni lililobaki sasa ni milioni 12 na nusu. Mkutano uliopita watu waliuliza kama tunaweza kutumia ile akiba iliyofungwa tumalize mapema, na kama kuna faini ya kumaliza mapema, kwa sababu kwenye mkataba hakuna mstari unaosema ndio wala hapana. Tumeomba miadi na meneja Alhamisi. Mzee karani ameshasema anakuja na daftari.